Kuweka indiketa zinazokimbia kwenye gari la zamani

Ukiitazama kwa mbele Toyota Harrier ya 2017 kuja juu, ile yenye taa za LED, utaona indiketa yake haiwaki na kuzimika kwa mkupuo kama za magari mengine. Mwanga unaanzia ndani na kukimbilia nje, upande ule dereva anaotaka kukata, kisha unazimika wote na kuanza tena. C-HR inafanya hivyo, Audi nazo hivyo hivyo. Wengi huona ni ujanja wa juzi uliokuja na LED. Lakini mwaka 1965 Ford Thunderbird ilikuwa ikitoka kiwandani Marekani na indiketa za aina hiyo, tena kwa balbu za kawaida na mota ndogo iliyofichwa kwenye buti.

Mwenye gari la zamani akishajua hilo, hamu humpanda. Vifaa vipo mtandaoni: kiboksi kidogo, nyaya chache, na maelezo yanayoahidi kazi nyepesi. Anafunga, anakanyaga breki kujaribu, na taa za breki nazo zinakimbia. Au indiketa inawaka na kuganda hapo hapo. Au anawasha kushoto, pande zote mbili zinapepesa kama haza. Hitilafu hizo zinaonekana hazihusiani, ila karibu zote zina asili moja. Kwenye gari la zamani waya mmoja hubeba habari zaidi ya moja, na kiboksi hakina namna ya kujua kwa sasa kinaambiwa ipi.

Zilivyoanza

Ford walitaka kuitoa Thunderbird na indiketa hizo kwenye modeli ya 1964. Zikawachelewesha sheria: wakati huo kila jimbo la Marekani lilikuwa na kanuni zake za taa, na baadhi hazikuwa na nafasi ya indiketa inayowaka kwa zamu. Ikabidi kusubiri modeli ya 1965.

Mtambo wenyewe ulikuwa wa kimakanika kabisa. Mota ya umeme ilizungusha kemu, yaani magurudumu yenye nundu, na kila kemu ilibonyeza kontakti yake kwa wakati wake: balbu ya ndani kwanza, ya kati ikafuata, ya nje ikamalizia, kisha zote zikazimika. Mercury Cougar ya 1967 ilipotoka ilitumia mpango uleule wa mota, na kuanzia 1969 Cougar ikahamia kwenye transista. Shelby Mustang za 1968 zilivaa taa za nyuma za Thunderbird ya 1965, ndiyo maana zina mwanga unaokimbia wakati Mustang za kawaida za mwaka huohuo hazina.

Na hapo ndipo penye kishawishi. Mustang ya kawaida ina michirizi mitatu ya taa kila upande tangu kuzaliwa kwake, umbo ambalo ukiliangalia unaona limekaa tayari kwa mwanga wa zamu, lakini Ford hawakuiwekea mwanga huo kiwandani mpaka modeli ya 2010. Kwa zaidi ya miaka arobaini wenye Mustang wamekuwa wakijifungia wenyewe. Kwa hiyo nitaitumia Mustang ya 1965 na 1966 kama mfano mkuu hapa, kwa sababu karibu kila tatizo la kazi hii limo ndani yake.

Wajapani nao hawakulala. Datsun Bluebird 510 ya milango miwili, ile ya mgongo wa kuteremka iliyotoka 1968, iliuzwa kwao ikiwa na indiketa za kukimbia. Sisi huku tunaikumbuka 510 kwa sura nyingine: Datsun 1600 SSS aliyoshinda nayo Edgar Herrmann mbio za East African Safari mwaka 1970. Hiyo ilikuwa ya milango minne, taa zake za kawaida tu. Baadaye Japani ikafunga mlango kwa taa za namna hii, ikaufungua tena 2014. Ulaya Audi walikuwa wameshaanza, kwenye R8 iliyofanyiwa ukarabati wa sura 2012 na A8 ya mwaka uliofuata.

Flasha ya zamani inavyofikiri

Kabla ya kuongeza chochote, ni lazima kumwelewa aliyekuwepo. Ile flasha ya mviringo ya bati, inayolia tik-tak chini ya dashibodi, haina saa ndani. Ina kipande cha chuma ambacho umeme unaokwenda kwenye balbu hukipasha moto. Kikipata joto kinapinda na kukata njia, taa zinazimika. Kikipoa kinarudi, taa zinawaka. Mwendo wake wote unategemea ni umeme kiasi gani unapita.

Kwa hiyo imepimwa kwa idadi fulani ya balbu. Balbu moja ikiungua, umeme unapungua, chuma hakipati joto la kutosha, na taa iliyobaki inawaka tu bila kupepesa, au inapepesa kivivu. Dereva anajua kuna balbu imekufa. Flasha za elektroniki zilizokuja baadaye hufanya kinyume: zikigundua umeme umepungua, hupepesa kwa kasi makusudi ili kukushtua. Watu huchanganya mambo haya mawili, wakasikia kwamba LED hufanya indiketa ikimbie haraka, wakashangaa yao imeganda. Kuganda maana yake bado una flasha ya joto. Taa ya LED inayochukua sehemu ndogo tu ya umeme wa balbu haiwezi kukipasha kile chuma hata ukisubiri mpaka magharibi.

Ukibaki na balbu za kawaida na kuziongeza kutoka moja hadi tatu, unapata tatizo la upande wa pili. Chuma kinapata moto haraka mno, flasha inapepesa kwa pupa, na haidumu.

Dawa ni flasha ya elektroniki isiyojali mzigo, ambayo mwendo wake ni uleule ikiwa na balbu sita au LED mbili. Angalia kitu kimoja tu: nyingi zinahitaji ethi yake yenyewe, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi, wakati soketi ya zamani ina vidole viwili tu, kimoja cha kuingiza na kimoja cha kutoa. Kwenye magari ya Ulaya vidole hivyo huandikwa 49 na 49a, na ethi ni 31. Utavuta waya mfupi wa ethi hadi kwenye bodi, basi. Ukisahau, flasha itakaa kimya na utamlaumu muuzaji bure.

Waya mmoja, kazi mbili

Sasa tufike penye kiini. Magari mengi ya Kimarekani ya miaka ya 1960 yana taa nyekundu moja nyuma kila upande, inayofanya kazi ya breki na ya indiketa kwa pamoja. Balbu ni ile ya nyaya mbili ndani, Wamarekani wanaiita 1157, ndugu yake wa Ulaya ni P21/5W. Waya mdogo wa ndani ni wa taa ya usiku, wati kama 8. Waya mkubwa, wati kama 27, ndio wa breki na pia wa indiketa. Anayeamua ni swichi ya indiketa kwenye usukani. Umeme wa breki hupanda mpaka pale, na swichi ikiwa katikati huugawa kushoto na kulia. Ukiwasha kushoto, swichi huukata umeme wa breki usiende kushoto, na mahali pake huunganisha umeme wa flasha. Kulia kunabaki na breki.

Ni mpango wa akili na wa gharama nafuu. Ubaya wake unajitokeza ukisimama kwenye buti na kushika waya unaokwenda taa ya kushoto. Volti 12 zimeingia. Dereva amekanyaga breki, au amewasha indiketa? Kwenye waya huo huwezi kujua. Ni volti 12 zilezile.

Kiboksi cha bei ya chini hakijali. Kila umeme unapoingia, kinaanza kukimbiza: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye indiketa inapendeza. Kwenye breki maana yake ni kwamba anayekufuata anaona theluthi ya taa yako, kisha theluthi mbili, kisha taa nzima, baada ya sehemu ya sekunde ambayo alikuwa anaihitaji. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, sekunde 0.2 ni karibu mita 5.6. Mimi kiboksi cha namna hiyo nisingekifunga hata nikipewa bure.

Kiboksi kilicho bora kidogo kinaangalia pande zote mbili. Kushoto na kulia zikipata umeme kwa wakati mmoja, kinasema hii ni breki, au haza, na kinawasha zote mara moja. Ikipata moja peke yake, kinasema ni indiketa. Ni hoja nzuri, na kwa sehemu kubwa ya safari inatosha. Inakwama penye kona ambayo kila dereva hukutana nayo: umeshawasha kushoto, kisha ukakanyaga breki wakati taa ya kushoto iko kwenye zamu ya kuzimika. Umeme unaingia kulia peke yake. Kiboksi kinaona upande mmoja tu umepata umeme, kinaamua unakwenda kulia, na kinakimbiza taa ya breki ya kulia. Ni mara moja tu, kisha inatulia. Lakini ni mara moja palepale unaposimama kungoja kukata kona, gari la nyuma likiwa mgongoni mwako.

Namna ya kulimaliza tatizo hilo ni kukipa kiboksi waya wa tatu unaotoka moja kwa moja kwenye swichi ya breki, kabla haujafika kwenye usukani. Hapo hesabu inakuwa rahisi. Breki ina umeme, na waya wa upande fulani hauna: upande huo uko kwenye indiketa, kwa sababu swichi ya usukani imeuondoa kwenye breki. Breki imepata umeme na upande nao umepata papo hapo: hiyo ni breki, washa zote tatu bila kusubiri. Breki haina umeme na upande unao: indiketa, kimbiza. Waya mmoja wa ziada kutoka mbele hadi nyuma, chini ya zulia na pembeni ya kizingiti cha mlango, unaondoa kubahatisha kote. Ni kazi ya kuchosha mgongo, kung'oa viti na kufunua zulia, na ndiyo sababu watengenezaji wa viboksi hawapendi kuitaja.

Mpangilio mwingine ninaoupenda ni ule unaoiacha balbu ya ndani kwenye waya wake wa asili, bila kupitia elektroniki yoyote, na kiboksi kinashughulikia ya kati na ya nje tu. Kiboksi kikifa njiani usiku, bado una breki na indiketa kila upande. Kwa gari ambalo limeishi miaka sitini bila chipu hata moja, huo ni uungwana mdogo wa kulifanyia.

Muda

Kanuni za Umoja wa Mataifa zinazofuatwa Ulaya zinataka indiketa ipepese mara 90 kwa dakika, ikizidi au kupungua kwa 30. Kanuni ya Marekani inasema 60 hadi 120. Ni kitu kilekile. Kwa taa za kukimbia, zile za Umoja wa Mataifa zinaongeza masharti: mwanga uanzie ndani kwenda nje, usirukeruke juu na chini, kila sehemu ikishawaka ibaki imewaka mpaka mwisho wa zamu, na zote ziwe zimeshawaka ndani ya milisekunde 200.

Hizo 200 ukizipima kwenye gari utaona zimewekwa kwa akili. Flasha ikipepesa mara 90 kwa dakika, zamu moja ni sekunde 0.67. Ikiwa nusu ya muda huo taa zinawaka, una sekunde 0.33 za kufanyia kila kitu. Washa ya kwanza hapo hapo, ya pili baada ya 0.1, ya tatu baada ya 0.2, na unabaki na 0.13 ambapo zote tatu zinawaka pamoja. Mtu anayetaka mbwembwe akaweka 0.15 kati ya taa na taa, ya tatu itawaka kwenye 0.3 na kuzimwa karibu mara hiyo hiyo. Kama ni balbu ya kawaida ndiyo kabisa: waya wake wa ndani unahitaji kama sekunde 0.2 kupata moto wa kung'aa sawasawa, kwa hiyo haitafika popote. Na hiyo ya tatu ndiyo ya nje, ile ambayo mwenye bodaboda anayepita pembeni yako anaiona kwanza.

Ukiwa bado na flasha ya joto, mambo yanazidi. Injini ikiwa silensa na taa kubwa zinawaka, volti zinashuka, flasha inapepesa polepole, mwanga unakimbia vizuri. Ukikanyaga mafuta volti zinapanda, chuma kinapata moto upesi, zamu inafupika, na taa ya tatu inapotea. Mwenye gari anaapa kwamba kiboksi kina kasoro kinachojificha fundi akija.

Ndani ya viboksi vya zamani muda huo ulipatikana kwa rezista na kapasita: umeme unajaza kapasita taratibu kupitia rezista, na ukifika kiwango fulani transista inafunguka. Rezista ya kilo-omu 1 na kapasita ya maikrofaradi 100 zinakupa msingi wa sekunde 0.1. Leo kazi hiyo hufanywa na chipu ndogo yenye programu, na faida yake kubwa ni kwamba joto la buti halibadilishi hesabu. Jambo la kuuliza kabla ya kununua ni kiboksi kinapata wapi umeme wake. Kile kinachokula kwenye waya wa indiketa wenyewe kinazima na kuamka upya kila flasha inapopepesa, zaidi ya mara moja kwa sekunde. Kile chenye waya wa kudumu kutoka kwenye betri, wenye fyuzi yake karibu na betri, kinakuwa macho wakati wote.

Huo waya wa kudumu unatatua jambo jingine pia: mzigo. Mustang ya 1965 ina balbu moja nyuma kila upande, ampea kama 2.1. Ukiweka tatu, ni 6.3 kila upande, na ukikanyaga breki ni zaidi ya 12, zote zikipita kwenye kontakti za swichi ya usukani zilizokwisha umri na waya mwembamba uliotandazwa kwa ajili ya balbu mbili. Balbu baridi ikiwashwa huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya kawaida yake kwa kitambo kidogo, ndipo kontakti zinapochomeka. Kiboksi kikiwa na umeme wake, nyaya za zamani zinabaki na kazi ya kupeleka habari tu.

LED na balbu

Nitasema bila kuzunguka: balbu za kawaida zikikimbia zinapendeza kuliko LED. Kila moja inakuja taratibu na kuondoka taratibu, kwa hiyo mwanga unateleza kutoka taa hadi taa, wakati LED inakata kama kisu. Aliyewahi kufuata Thunderbird usiku anajua. Lakini LED haina mzigo, haina joto, na breki yake inawaka hapo hapo, zile mita 5.6 zikirudi mikononi mwa anayekufuata. Kwa gari linalotumika kila siku mjini nachagua LED. Kwa gari la Jumapili, mwenyewe ajiamulie.

Ukichagua LED, nunua ya rangi ya lenzi. LED nyekundu nyuma ya lenzi nyekundu, ya chungwa nyuma ya lenzi ya chungwa. Nyeupe nyuma ya lenzi nyekundu inapoteza sehemu kubwa ya mwanga wake, kwa kuwa lenzi inazuia rangi zote isipokuwa moja.

Na hapa ndipo lile tatizo la pande zote mbili kupepesa linapojieleza. Magari kadhaa ya zamani yana taa moja tu ya indiketa kwenye dashibodi, imeunganishwa katikati ya waya wa kushoto na wa kulia. Ukiwasha kushoto, umeme unapita kwenye kibalbu hicho na kutafuta ethi kupitia balbu za kulia, ambazo ni kubwa mno kuwashwa na umeme mdogo namna hiyo. Ukiziondoa na kuweka LED, huo umeme mdogo unatosha kuziwasha. Dashibodi inakuwa daraja. Tenganisha kibalbu hicho, kipe ethi yake, na ukilishe kutoka kila upande kupitia diodi moja, kile kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, na mambo yamekwisha.

Lenzi yenyewe ina kazi yake. Kwenye Mustang ya 1965 na 1966, nyuma ya ile michirizi mitatu kuna chumba kimoja na soketi moja. Ukipachika vyanzo vitatu vya mwanga bila kuta kati yake, mwanga wa kwanza unavuja na kuwasha lenzi nzima kwa hafifu, wa pili unaongezea, wa tatu unaongezea, na anayeangalia anaona taa inayopanda mwanga tu. Vipande vya bati jembamba la alumini vinatosha kuugawa, au bodi ya LED iliyokatwa kwa umbo lake ambayo inaelekeza mwanga mbele.

Ethi, kama kawaida

Taa ya nyuma ya gari la zamani hupata ethi kupitia ganda la soketi linalogusa bodi. Miaka sitini ya kutu, rangi mpya iliyopulizwa kila mahali, na mpira uliowekwa kuzuia maji, vyote vinasimama kati ya ganda na bati. Ethi ikipotea kwenye balbu ya nyaya mbili, umeme wa breki unaoingia kwenye waya mkubwa hauna pa kutokea, unarudi kinyumenyume kupitia waya mdogo, unaingia kwenye mstari wa taa za usiku, na unaishia kwenye taa ya namba na taa ndogo za mbele. Ukikanyaga breki mchana, taa zote zimezimwa, na taa ya namba inang'aa kwa unyonge: umeshapata jibu kabla ya kufungua chochote.

Kwenye gari lenye balbu tupu unaweza kuishi na kasoro hiyo miaka. Ukiweka kiboksi, huwezi. Umeme unaozunguka kinyume unaleta volti 3 au 4 mahali ambapo kiboksi kinategemea 12 au sifuri, kinashindwa kusema ni ndiyo au hapana, na kinaanza vituko. Kwa hiyo kipimo kinakuja kabla ya ununuzi. Washa taa, shika multimita kwenye volti, kijiti kimoja kwenye ganda la soketi na kingine kwenye nguzo hasi ya betri. Ikisoma chini ya 0.2 uko salama. Ikipita nusu volti, kwangua, fikisha bati tupu, funga waya wa ethi kutoka kila soketi hadi boliti moja safi kwenye bodi.

Kipimo hicho ni kwa gari lenye hasi kwenye bodi. Magari ya Kiingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 mengi yana chanya kwenye bodi, na kiboksi cha kisasa ukikifunga humo kinaweza kuungua papo hapo. Volkswagen za zamani zina volti 6. Soma betri kwanza.

Magari yetu

Mustang ni chache huku. Wanaouliza zaidi wana Mercedes W123, Peugeot 504, Datsun, Volkswagen kobe. Haya yana habari njema upande mmoja na mbaya upande wa pili. Njema ni kwamba indiketa ya nyuma kwa kawaida ni ya rangi ya chungwa, ina waya wake peke yake, na breki ina wake. Lile fumbo lote la waya mmoja halipo. Flasha ya elektroniki, kiboksi chochote cha maana, na unaendesha.

Mbaya ni nafasi. Mmarekani alikuwa na taa pana kama mlango wa kabati na nyaya zilizofungamana. Hawa wana nyaya safi na kipande cha lenzi cha balbu moja. Kwenye W123 sehemu ya chungwa iko ukingoni, na lenzi yake ina mikunjo iliyobuniwa isishike vumbi na matope, mikunjo hiyo inautawanya mwanga kiasi kwamba sehemu tatu zinaonekana mbili. Kwenye 504 nafasi inatosha kwa bodi ya LED ya sehemu nne ukiikata kwa makini. Kwenye kobe lenye taa ndogo za yai, mwanga utasafiri sentimita chache tu na hakuna atakayeuona akiwa mita ishirini nyuma. Hilo ningeliacha na balbu yake.

Kishawishi kingine ni kuiteka taa nyekundu ya breki iliyo pembeni ili mwanga upate njia ndefu ya kukimbilia. Marekani indiketa nyekundu ya nyuma inaruhusiwa. Kwenye kanuni za Umoja wa Mataifa ni chungwa tu, na dereva wa huku amezoea kwamba nyekundu ni kusimama. Mbali na hilo, ukishaifanya taa ya breki kuwa indiketa, umelirudisha gari lako kwa mkono wako mwenyewe kwenye lile fumbo la waya mmoja, na itabidi uvute ule waya wa tatu chini ya zulia.